Injini ya Bwana Kijiko na Shingo ya Hiram

Jumatatu, 11 Machi 1957

Mimi Wasike sikuingia shule hata siku moja. Herufi nilijifunza kwa kusoma mabehewa pale stesheni ya Nakuru nikiwa fundi wa reli, na behewa halikosei jina lake, kwa hivyo hata mimi sikosei. Hili daftari ni la kuandika oili. Leo naandika kitu kitamu kuliko oili: Hiram ameanguka mkononi mwangu.

Asubuhi Kosgei, dereva wa Bwana Kijiko wa Rongai, amefika hapa kwangu mtaa wa Bondeni na trekta, anavuta ile gari-nyumba. Ni lori la zamani la jeshi, la dizeli, na huyo mzungu amelijengea nyumba ya mbao mgongoni: kitanda ndani, jiko ndani, pazia la maua kwa dirisha. Anataka kutembea nayo na bibi yake mpaka Uganda mvua ikiisha. Kijiko si jina lake. Tulimpa sisi, kwa sababu sukari ya wafanyakazi anapima na kijiko, halafu anasawazisha na kisu.

Nikamwuliza Kosgei, "Imelala ama imekufa?"

"Mzee, mimi ni dereva, si daktari. Ilikuwa inagonga kama mtu anavunja mlango na nyundo. Halafu, pale karibu na Sachangwan, ikanyamaza. Hata krenki haizunguki."

"Na nani alifungua hii injini mara ya mwisho?"

"Hiram. Mwezi wa kwanza."

Nilikalia pipa. Nikamwambia arudie hilo jina.

Jumanne, 12 Machi

Mtu akisoma hii asiseme Wasike ni mzee wa chuki bure. Ngoja nieleze.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa fundi mkubwa kwa gereji ya Bwana Miwani (hilo nalo ni jina tulimpa sisi), ile iko upande wa stesheni. Bondeni wote wamesikia hii habari kwangu, na kila nikisimulia lori linaongezeka urefu kidogo, lakini kwa daftari nitaliacha na urefu wake. Tulikuwa tunajaribu injini kwa mlima wa Sachangwan. Hiram anaendesha. Mimi nimesimama juu ya madigadi, pale juu ya gurudumu la mbele, boneti imetolewa, nasikiliza. Nikasikia beringi inalia. Nikamwambia Hiram asimame. Nilimwambia mara tatu, na mkono nimeinua. Hiram akaongeza moto! Mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa injini, ukatoka nje kuangalia barabara.

Mbele ya Bwana Miwani, Hiram akasema, bila kupepesa macho, "Wasike mwenyewe aliniambia injini iko sawa, niende."

Nikafukuzwa siku hiyo. Kwa kitabu changu cha kazi wakaandika MWONGO. Mimi! Uongo wangu wote ni wa kuchekesha watu, sijawahi kudanganya juu ya beringi. Na Hiram akapewa kazi yangu na nyumba yangu ya gereji, ile yenye madirisha mawili.

Sasa nataka kitu kimoja tu: nifungue hii injini, nitoe kosa la Hiram kwa mkono wangu, nimpelekee Miwani, na Hiram atoke kwa ile nyumba vile nilitoka.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua haijakuja. Vumbi la ziwani limejaa kwa chai.

Jumatatu, 18 Machi

Nilimwambia Kosgei ni pampu ya dizeli. Si pampu.

Jumatano, 20 Machi

Nilimwambia Kosgei ni maji yameingia kwa pistoni. Si maji. Nimetoa kichwa cha injini, gasketi ni nzuri, imekaa vizuri kama mkeka wa mgeni. Hiyo gasketi ni kazi ya Hiram na nilitafuta mahali pa kuitukana, nikakosa. Iliniudhi kutwa.

Kosgei ananicheka. "Mzee, wewe si ndiye ulitengeneza gari ya Gavana ukiwa umefunga macho?"

"Ilikuwa gari ya Gavana. Hii ni ya Kijiko. Nafungua macho kwa sababu nahurumia kijiko."

Jumamosi, 23 Machi

Mvua imeshuka kutoka mlima wa Menengai saa nane mchana, kama mtu amemwaga karai. Nimefunga turubai juu ya miti mitatu ya kuinulia injini. Bibi yangu, Nekoye, ananiuliza kwa nini naimba.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekipata.

Niandike polepole, nisiruke kitu. Oili ilikuwa imejaa, kijiti kinaonyesha juu kabisa, na bado beringi zote zimeungua nyeusi, na moja imeshikana na krenki, ule mhimili unaozunguka, kama ugali na sufuria. Nikajiuliza, inawezekanaje injini ife na kiu ikiwa imekaa ndani ya maji? Basi nikalala chini, matope mgongoni, Kosgei anatazama, nikafungua bakuli la oili, nikaingiza mkono mpaka kwa chujio, pale pampu inanyonya. Nikagusa kitu laini.

Kitambaa. Kimefunika mdomo wa chujio chote. Mtu alikiweka kuziba tundu vumbi lisiingie, akafunga injini, akasahau kukitoa. Ikawa inanyonya kidogo, inanyonya kidogo, mpaka mlima ukaishinda.

Nikakiosha na mafuta ya taa. Kitambaa cha bluu, mfuko wa ovaroli, umeshonwa na uzi mwekundu. Kwa ile gereji ni mtu mmoja tu ovaroli yake inashonwa na uzi mwekundu, kwa sababu mke wake Akeyo anasema uzi wa bluu haudumu.

Nikamwonyesha Nekoye. Akakiangalia, akaniangalia.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Mwambie Hiram, ndugu yangu, umesahau hii."

"Ndugu yangu!"

"Baba Nasimiyu, Hiram ana watoto wanne."

"Wakati mimi nilitoka kwa ile nyumba, watoto wangu walikuwa mbuzi?"

Alhamisi, 4 Aprili

Leo nilioga kama bwana harusi. Koti la kanisani, kofia, viatu. Nikachukua sahani ya Nekoye ya wageni, nikaweka kitambaa katikati, nikafunika na sahani nyingine, nikatembea mpaka gereji. Njiani wananiuliza, "Mzee, unapelekea nani chakula?" Nawaambia, "Hiram. Amekula vyangu miaka mitatu, leo namalizia."

Mafundi wote wakaacha spana. Bwana Miwani akatoka ofisini.

"Wasike, wewe taka nini?"

"Bwana, nimeleta injini ya Bwana Kijiko. Yote iko hapa."

Nikafunua. Miwani akainua ule mfuko na vidole viwili, akaona uzi, akamgeukia Hiram. Hiram amesimama pale na ovaroli yake, na mfuko mmoja hana. Mungu wangu! Hata kushona kiraka alikuwa hajashona!

Miwani akamwuliza, "Hii yako?"

Nilikuwa nangoja adanganye. Nilikuwa nimepanga maneno saba ya kumjibu. Yeye akasema tu, "Yangu, bwana."

Akafukuzwa kabla sahani yangu haijapoa. Kwa kitabu chake wakaandika MZEMBE. Na siku hizi za hali ya hatari, mtu bila kazi haruhusiwi kukaa mjini. Amepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilirudi na sahani tupu nikiipiga kama ngoma.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimesimulia mara kumi na moja.

Jumamosi, 6 Aprili

Mara tisa. Mvua ilizuia watu.

Alhamisi, 11 Aprili

Injini ya zamani haifai hata kufungia mbuzi. Krenki imepinda. Nimemwambia Kijiko tutafute nyingine, na Kosgei anajua lori la aina hiyo lililoanguka Mai Mahiu, bodi imekunjika lakini injini haikuguswa. Tulishuka ule mteremko leo na lori la shamba. Mimi nilifunga minyororo, wanaume sita wakavuta, na mimi mzee nikawapigia hesabu ya kuvuta. Kosgei anasema sikugusa mnyororo. Kosgei ni mchanga, hajui kwamba kelele ni kazi.

Tulipokuwa tunarudi, tukampita Akeyo barabarani amebeba godoro kichwani kwenye mvua, anapeleka stesheni kuuza kabla ya safari. Kosgei alipunguza mwendo. Mimi nikasema, "Endesha."

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani Nekoye alikaa upande wa Akeyo. Amenipikia, amenifulia, lakini hacheki. Nimemwambia ile hadithi yangu ya fisi na stesheni masta, hata hiyo hakucheka.

Alhamisi, 18 Aprili

Injini ya Mai Mahiu imeingia mahali pake. Nimeishusha na mnyororo inchi kwa inchi, ikakaa yenyewe, tap! Mikono hii! Hakuna mwingine hapa Nakuru mpaka Naivasha. Imebaki kufunga paipu, kuweka maji, kutoa hewa kwa dizeli, na kuwasha. Kila tundu nimechungulia mara mbili.

Jumanne, 23 Aprili

Leo saa kumi jioni, mvua kubwa, Hiram amekuja hapa.

Nilikuwa chini ya gari. Nikaona viatu vyake. Nikashika spana namba kubwa, nikatoka polepole. Alikuwa hana kofia, maji yanamtiririka, amesimama nje ya turubai. Nekoye alikuwa mlangoni kwa jikoni na mwiko.

"Mzee Wasike," akasema, "sikuja kuomba. Kitambaa ni changu. Siku ile nilikuwa na homa, nikasahau. Hiyo nimekubali. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, kwa sababu kesho kutwa napanda treni ya Kisumu, na sitaki kwenda nayo."

"Uliza."

"Kwa nini unatembea mji wote ukisema mimi nilikudanganyia kule Sachangwan? Wewe mwenyewe uliniambia."

Nikainua ile spana. "Nilikuambia nini, Hiram? Sema mbele ya bibi yangu. Nilikuambia nini?"

"Ulisema, 'Injini zima!' Mara tatu. Na mkono juu, hivi. 'Injini zima! Injini zima!'"

"Si ndiyo hiyo! Nilisema injini zima! Na wewe ukaongeza moto!"

"Sasa, mzee, mtu akikuambia injini ni zima, si unaongeza moto?"

"Nilisema ZIMA!"

"Nami nikasikia ZIMA!"

Tulikuwa tunapiga kelele kuliko mvua. Nekoye akagonga mlango na mwiko.

"Nyinyi wanaume wawili, nyamazeni. Baba Nasimiyu, ulisema zima kama kuzima taa?"

"Ndiyo!"

"Na wewe, shemeji, ukasikia zima kama yai zima?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mimi nilikuwa naangalia ile spana kama mtu mwingine ameniwekea mkononi.

Watu wa Mombasa wangesema nzima, na hakuna mtu angefukuzwa kazi. Sisi huku juu yai ni zima, ng'ombe ni zima, injini ni zima, kila kitu ni zima, na tunaelewana tu, kumbe hatuelewani.

Mwishowe Hiram akasema, "Kwa hivyo hukudanganya."

"Hata wewe."

Alingoja. Nadhani alikuwa anangoja niseme neno. Mimi nina maneno kuliko kunguru wa sokoni, lakini nilianza tu kupangusa ile spana. Akageuka, akaenda kwenye mvua.

Nekoye akasema, "Haya, simulia na hiyo."

Jumatano, 24 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeamka kabla ya jogoo. Treni ya Kisumu ni saa tatu. Nilijaribu kumchukia kama kawaida, ikakataa. Ilikuwa kama kuwasha injini iliyoshikana: nguvu iko, mkono uko, haizunguki.

Na kitambaa ni chake, hiyo ni kweli. Lakini kitambaa hakikunitoa mimi nyumbani. Niliposema mbele ya gereji yote, sikuwa naongea juu ya injini ya Kijiko. Nilikuwa naongea juu ya ile nyingine.

Nikavaa koti. Safari hii bila sahani. Nilifika gereji saa mbili, nikamkuta Bwana Miwani anakunywa chai.

"Bwana, ule mfuko, mimi nilitia ndani ya injini."

Akaweka kikombe chini. "Wewe sema nini?"

"Niliokota kwa takataka zenu. Nikatia kwa chujio, nikasema nimeupata huko. Nilitaka Hiram afukuzwe. Injini ilikufa na uzee."

"Lakini Hiram sema yake."

"Mfuko ni wake. Hakusema aliweka. Nyinyi hamkumwuliza."

Huo ndio uongo mzuri kuliko wote nimewahi kudanganya. Hakuna mahali unavuja. Na hakuna mtu nitamsimulia.

Miwani aliniangalia sana, halafu akaanza kufurahi. Nikaona furaha inapanda usoni kama moto kwa makaa, kwa sababu sasa gereji yake haina kosa. Akaita mafundi wote. Akasema, "Tazama! Mimi naandika mwongo miaka tatu, na kweli ni mwongo!" Wakacheka. Mmoja nilimfundisha mimi kushika spana. Yeye alicheka kuliko wote.

Mtu akatumwa mbio stesheni. Hiram alikuwa tayari ndani ya behewa, na kuku wawili.

Ijumaa, 26 Aprili

Bwana Kijiko amekuja. Sitaandika aliyoniita. Gari-nyumba imevutwa asubuhi, imepelekwa gereji, Hiram aimalize. Kumaliza nini? Imebaki kutoa hewa na kuwasha! Mtoto wa miaka mitano anaweza! Nimesimama na miti yangu mitatu na turubai, chini hakuna kitu, ni alama ya oili tu.

Kosgei alikaa nyuma kidogo. "Mzee, mimi nilikuwa hapa siku ulitoa kile kitambaa. Nilikuona ukilala kwa matope."

"Hukuona kitu."

"Nimekuelewa." Akapanda trekta. "Lakini hii, hata wewe umejizidi."

Jumatatu, 29 Aprili

Saa nne gari-nyumba imepita hapa barabarani. Pazia la maua, Kijiko na bibi yake mbele, Hiram anaendesha kuwaonyesha vile inavuta. Injini inaimba. Sijui kama kuna injini imewahi kuimba hivyo. Ile ni sauti yangu, na ni yeye anapiga honi.

Aliniona. Alipiga honi mara mbili. Hakusimama.

Jumapili, 12 Mei

Hakuna mtu ananiletea gari. Wananiletea sufuria zenye matundu. Hiram hajakanyaga hapa. Nilidhani atakuja, hata kwa nyuma, hata aseme "mzee" tu, aende. Anajua alikiweka yeye. Mbali na mimi, watu watatu tu wanajua, na yeye ni mmoja.

Nekoye anacheka tena. Amenicheka mimi.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua inapungua. Nimesikia kwa watu wawili kwamba Hiram anasimulia. Nimesikia kwamba anasimulia vizuri.

Jumapili, 2 Juni

Jua. Mvua imekwisha kabisa, mahindi ya Rongai yamefika magotini, na leo nje ya kanisa nimemsikia kwa masikio yangu.

Amesimama katikati ya watu, kofia mpya. Anawaambia vile Mzee Wasike alitambaa usiku ndani ya takataka za gereji kama paka, akanusa nusa mpaka akapata mfuko. Vile alivyotia kitambaa kwa injini, akavaa koti la harusi, akabeba sahani. Anaiga vile natembea! Anatoa tumbo mbele! Watu wanashika mbavu. Kwa maneno yake kitambaa kimekuwa shati zima. Wiki ijayo litakuwa blanketi.

Halafu akaniona. Badala ya kuona haya, akaniita mbele ya wote.

"Si kweli, Mzee Wasike?"

Macho yetu yalikutana. Yeye anajua. Mimi najua. Ana watoto wanne na madirisha mawili, na ni lazima ashikilie ile hadithi, hiyo naelewa. Lakini tumbo? Nani alimwambia aige tumbo? Pale hakulazimishwa na mtu. Pale alikuwa anafurahia.

Na hapo kifua changu kikazunguka, kikashika moto mara moja kama dizeli nzuri asubuhi. Miaka mitatu nilimchukia mtu kwa kosa hakufanya. Sasa ana kosa, ni lake mwenyewe, amelifanya mchana, kanisani, na kofia.

"Ni kweli," nikasema.

Watu wakacheka mpaka mchungaji akatoka kuona. Mimi pia nikacheka. Nikaenda nikampa Hiram mkono wa salamu, nikaukaza. Na yeye akaukaza wangu. Nikakaza mpaka nikasikia mifupa, sijui ya nani. Tunacheka, meno nje, machozi yanatutoka, hakuna anayetaka kuachilia kwanza, na watu wanapiga makofi, wanasema tazama, wazee wamepatana.

Nekoye ndiye alikuja kutubandua vidole, kimoja kimoja.